Mguu Chini ya Meza

Watu walimjua Mjomba Mbavu kwa mdomo wake. Mguu wa mkewe hakuna aliyeujua, na kumbe habari zote zilikuwa mguuni.

Kila Jumamosi mume na mke walitoka pamoja. Mume alitangulia na simu yake, shati limepigwa pasi, kofia imekaa upande. Mke alifuata na begi. Walizunguka kwenye matela ya chakula na majiko ya kuchomea nyama, yaliyokuwa yakichipuka kila pembe ya mji kama uyoga baada ya mvua. Lingine utalikuta nyuma ya gereji, lingine mbele ya lango la hospitali, lingine kando ya kiwanja cha mpira. Mjomba Mbavu aliketi, akatafuna, akaitazama simu na kuwaambia watu waende au wapite mbali. Watu elfu sitini walimfuata mtandaoni. Akisema mbavu za fulani zimeiva, kesho yake fulani anaazima viti kwa majirani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Fundi, basi. Wenye matela hawakumpa hata hilo. Wao walimwita Mama Begi. Mume alimiminiwa maji ya kunawa, mke akaonyeshwa bomba lilipo. Mume aliletewa kiti chenye mgongo, mke akasukumiwa kigoda. "Na huyu wa begi naye anakula?" aliwahi kuuliza mmoja. Mjomba Mbavu akajibu, "Mpe kidogo, asije akanililia njiani." Watu wakacheka, na Fundi akacheka nao. Kicheko kile kilikuwa sehemu ya kazi.

Ukweli ni kwamba tangu ile homa iliyomlaza miezi miwili, Mjomba Mbavu alikuwa hasikii harufu wala ladha. Ungempa sabuni angekuomba chumvi. Aliyeonja alikuwa Fundi. Alikaa pembeni, mahali simu isipomwona, akatafuna kipande cha kwanza, kisha akamkanyaga mumewe chini ya meza. Akikanyaga mara moja, nyama ni nzuri. Mara mbili, ina kasoro: sifu moshi, sifu pilipili, mengine yanyamazie. Mara tatu ni mbovu, tema. Siku ya mara tatu Mjomba Mbavu alizima simu, akamwita mwenye tela kando na kumwambia kwa adabu kwamba leo si siku yake. Miaka miwili mguu ulikuwa haujakosea. Siri hiyo waliijua watu watatu, yaani wao wawili na Bibi, mama yake mume, aliyeishi nao. Ndivyo walivyodhani.

Pua ile Fundi aliirithi. Baba yake alikuwa muuza nyama, na alikuwa akiwapanga binti zake wawili mbele ya meza ya duka, akawafunga vitambaa machoni, akawasogezea ya jana na ya leo. "Nyama haina ndugu," alikuwa akisema. "Itakuumiza wewe kama itakavyomuumiza mpita njia." Fundi alijifunza. Mdogo wake, yule wa mwisho waliyemwita Kitinda, alikuwa akichungulia chini ya kitambaa.

Sasa Jumamosi hiyo Kitinda alikuwa anafungua tela lake.


Kitinda alikuwa amefua mashuka ya hoteli miaka tisa. Tela lile lilikuwa ndiyo miaka tisa yenyewe, imepakwa rangi ya kijani na kuwekewa magurudumu. Alilisimamisha ng'ambo ya barabara, mkabala na waziba matairi na waosha magari, watu wenye njaa ya kweli. Shemeji yake alikuwa amemwahidi jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu: ataonja huku watu wanatazama palepale, moja kwa moja, bila kurekodi kwanza.

"Ni shemeji yangu," alimwambia Fundi asubuhi ile, akijitazama kwenye kioo. "Nisipombeba mimi, nani atambeba?"

"Tuonje kwanza, ndipo uwashe simu."

"Mke wangu, ni Kitinda. Kwani atatupa mawe tule?"

Walipofika, Bibi akiwa katikati yao na mkongojo wake, jambo la kwanza waliloliona lilikuwa taa. Zilizunguka tela lote, nyekundu, za njano na za buluu, zikikonyeza juani.

"Taa za mchana hizi za nini?" Bibi aliuliza. "Jua limeharibika?"

"Ni za picha, Bibi." Kitinda alitoka na aproni mpya, uso unang'aa. "Shemeji alisema penye giza hapauzi. Nimeziwasha tangu jana mchana, nizijaribu. Karibuni, karibuni. Dada, leo wewe hukai kwenye kigoda. Leo ni kiti."

Alimwekea dada yake kiti chenye mgongo, akakipangusa kwa aproni. Alimmiminia maji ya kunawa, akashika taulo akingoja, kama anavyongojewa mgeni mkubwa. Fundi alinawa polepole. Katika miaka miwili ya matela hakuna aliyewahi kummiminia maji. Kwa kitu kidogo kama kile macho yake yalilowa, akajifanya ni moshi.

Bibi akapakuliwa sahani yake mapema, kwa heshima ya uzee. Waziba matairi wakavuka barabara mmoja mmoja, wakifuta mikono kwenye suruali. Mjomba Mbavu akaweka simu kwenye kijiti chake, akakohoa, akaanza.

"Watazamaji wangu, leo nipo kwa damu yangu. Lakini mnanijua. Kwangu mimi jiko ni jiko."

Mbavu zikaja, zimekolea rangi, zimetapakaa pilipili. Fundi akachukua kipande, akatafuna.

Limau lilimpokea kwanza. Lilimpokea kama mtu anayewahi mlangoni ili usiingie ndani ukaona. Nyuma ya limau kulikuwa na siki, nyuma ya siki pilipili. Fundi akaendelea kutafuna kwa subira, na nyuma ya pilipili akaikuta. Utamu fulani mzito, wa kunata, uliokaa juu ya ulimi na kukataa kushuka. Alikuwa na miaka sita aliponusa kitu kile mara ya kwanza, kitambaa kikiwa machoni.

Alimtazama Kitinda. Kitinda alikuwa amesimama na koleo la nyama, hapumui, anamtazama yeye. Hamtazami Mjomba Mbavu hata kidogo.

Fundi akashusha macho, akakanyaga. Moja. Mbili. Tatu.

Mguu wa mumewe ulitulia chini ya wake. Mjomba Mbavu akatafuna, akameza, akafumba macho kama kawaida yake.

"Watazamaji," alisema, "moshi umeingia mpaka mfupani. Sijala hivi tangu nianze kazi hii. Aliye karibu avuke barabara sasa hivi. Aliye mbali apande gari."

Fundi alidhani mumewe hakuuhisi mguu. Akakanyaga tena kwa kisigino, moja, mbili, tatu, mpaka meza ikatikisika na mfupa ukadondoka kutoka kwenye sahani.

Mjomba Mbavu aliuvuta mguu wake, akauficha chini ya kiti.


Foleni ilijipanga kabla hajamaliza sentensi. Fundi aliinuka, akazunguka nyuma ya tela. Akafungua friza na kuingiza mkono. Kulikuwa na joto la kwapani. Maji mekundu yalikuwa yametulia chini ya mifuko. Waya wa friza ulilala kwenye vumbi, na kwenye soketi pekee iliyokuwepo palikuwa pamechomekwa plagi ya taa.

Kitinda alimfuata mbio. "Dada, funga. Wateja wataona."

"Hii imezimwa tangu jana mchana?"

"Soketi ni moja tu. Nilisema nitairudisha friza jioni, nikasahau. Nilikuwa na mambo mia, dada. Nilikuwa napaka rangi."

"Asubuhi ulinusa?"

Kitinda alishusha mfuniko wa friza.

"Kitinda. Ulinusa?"

"Nilinusa. Nikaiosha kwa siki mara mbili, nikaiosha kwa limau. Moto unaua kila kitu."

"Moto hauui hiki. Baba alikuambia. Na ulitupa sisi tuile mbele ya watu? Shemeji yako angesikia ingekuwaje?"

"Shemeji hasikii harufu."

Foleni, tela, barabara, vyote vikanyamaza masikioni mwa Fundi. "Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Siku ile panya alikufa nyuma ya kabati lenu, unakumbuka? Mimi nimeingia nikatoka mbio. Yeye amekaa palepale anakula embe, ananiuliza nakimbilia wapi." Kitinda alijifuta pua kwa mkono. "Nilijua kwake nitapita."

"Na kwangu?"

"Wewe ni dada yangu." Alilisema kama mtu anayetaja anwani ya nyumba. "Nilikuwekea kiti."

Fundi akahisi maji yale ya kunawa yakimrudia mikononi, mazito kama mafuta. Kule mbele mtu aliita, "Mama, ongeza pilipili huku," na Kitinda akageuka kumhudumia. Miaka tisa ya mashuka ilikuwa imemfundisha kuitika haraka.


Mjomba Mbavu alikuwa akisoma salamu za watazamaji. Fundi alimvuta mkono wa shati. Mume akafunika simu kwa kiganja.

"Nilikukanyaga mara tatu."

"Nilihesabu sita," alijibu kwa kunong'ona.

"Basi?"

"Nikajua unamwombea. Nikasema, mke wangu anataka nimsaidie mdogo wake."

"Nimewahi kumwombea mtu kwa mguu, mimi?"

"Hujawahi kuwa na mdogo wako mezani."

Fundi aliutazama uso ule, juu ya kola aliyoipiga pasi asubuhi. Hakujua kama anadanganya. Lililomtisha zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alionekana hajui.

"Waambie," alisema Fundi. "Waambie imeharibika."

"Wanatazama watu elfu nne sasa hivi. Niwaambie nini? Kwamba dakika kumi nasifu kitu nisichokijua? Kesho nani atanisikiliza? Na mdogo wako je, umemfikiria? Tuwaache hawa wachache, jioni tutafunga tela, tutasema mkaa umekwisha."

"Hawa wachache ni watu."

"Wana matumbo magumu hao, mke wangu. Wanakula barabarani kila siku."

Bibi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, sahani mapajani, leso imekunjwa mkononi. Alikuwa ametulia sana hivi kwamba walimsahau.

"Mimi nimeitema," alisema. Akafungua leso, kipande kikaonekana. "Nilidhani ni haya meno yangu. Nikasema, Bibi, umezeeka, usimwaibishe mtoto wa watu siku yake. Nikatema taratibu." Alimtazama mwanawe. "Mficha maradhi unajua mwisho wake. Lakini wewe hufichi yako tu. Unawalisha watu."

"Mama, tafadhali."

"Nimekuzaa wewe. Wale nao wamezaliwa."

Fundi hakungoja. Aliichomoa simu kwenye kijiti, akaigeuza. Kwenye kioo akauona uso wake, mdogo, una jasho, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Hakuwahi kuuona mahali pale.

"Mimi ndiye mke wa Mjomba Mbavu," alisema. "Yule wa begi. Nyama hii imelala bila baridi tangu jana. Imeharibika, msije. Mume wangu hasikii harufu wala ladha, mwaka wa pili sasa. Anayeonja ni mimi, namwambia kwa mguu chini ya meza. Leo nilimwambia mbovu." Akaielekeza simu kwenye tela. "Mwenye tela ni mdogo wangu, tumbo moja. Nasema hivyo hivyo."

Mtu kwenye foleni alicheka. "Mama Begi ana vituko," alisema, akiamini ni mchezo. Kisha akauona uso wa Mjomba Mbavu, kicheko kikamkauka.

Fundi akaweka simu mezani kifudifudi, akaanza kukusanya sahani. Alizichukua mikononi mwa watu moja moja, kama mama anayewanyang'anya watoto visu. "Nipe, kaka. Nipe, baba. Samahani." Mziba matairi mmoja, pande la mtu mwenye overoli, alikuwa amebakiza mfupa mtupu. Alikataa kuachia sahani.

"Nimelipa," alisema.

"Atakurudishia. Umekula yote?"

"Nimekula na ya mwenzangu."

Hapo ndipo Kitinda alipofika. Hakupiga kelele. Aliliweka koleo juu ya wavu kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Dada," alisema, "ungeniita kando. Kama wanavyoitwa wageni. Hata mgeni huitwa kando."

Fundi alikuwa na sahani saba kifuani. Jibu alilokuwa nalo ni kwamba simu ilikuwa tayari imewaka, kwamba foleni ilikuwa tayari inakula, kwamba hapakuwa na kando tena. Yote yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu.

Kitinda akazunguka nyuma, akachomoa plagi. Taa zikazimika, na kwa kuwa ulikuwa mchana kweupe hakuna aliyeona tofauti.


Mziba matairi alilazwa siku mbili, na wenzake wawili walishinda chooni. Wote walipona. Fundi alikwenda kumtazama hospitalini na chupa ya uji. Yule bwana, amechomekwa dripu mkononi, akamuuliza, "Huu umeuonja?" Akaunywa wote.

Nyumbani simu ya Mjomba Mbavu ililia siku tatu mfululizo kisha ikanyamaza, na ule ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Wenye matela waliokuwa wakimletea kiti walimwita tapeli. Mmoja alimwandikia kwa kifupi, naye akausoma ujumbe kwa sauti mezani, labda ili umuume mara moja uishe: "Mlete mkeo. Wewe kaa nyumbani ufue."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa peke yake katika kicheko hicho.

Mjomba Mbavu alichovya mkate kwenye mchuzi, akatafuna, akangoja. Fundi aliona mguu wa mumewe umesogea chini ya meza, umekaa pale ulipozoea kukanyagwa. Mtu mzima, mwenye mvi masikioni, ananyoosha mguu ili aambiwe anakula nini. Hasira aliyokuwa ameipakata siku tatu ilipungua kidogo, si yote.

"Chumvi imezidi," alisema kwa sauti.

"Aha," alisema mume. Akaurudisha mguu.

Wiki ilipita bila Kitinda. Fundi alikwenda kwake mara mbili. Mlango ulifungwa, na ndani redio ilizimwa ghafla aliposalimu. Tela lilisimama palepale, limefunikwa turubai. Waosha magari walikausha matambara yao juu yake.

Siku ya tisa, asubuhi, Fundi alikuwa kwenye cherehani barazani. Mumewe alikaa kwenye kigoda, akishona vifungo, amejitoboa vidole viwili tayari. Kitinda akatokea. Hakuvua viatu, hakupanda ngazi. Alinyoosha mkono na kuweka mfuko juu ya cherehani, juu kabisa ya gauni la mteja.

"Nusa," alisema.

Fundi akaufungua, akafumba macho kwa mazoea. "Ya leo."

Kitinda akafunga fundo. "Shemeji hajambo?" aliuliza, akiutazama ukuta.

"Huyo hapo."

"Nimemwona." Akaondoka.

Kesho yake alirudi. Safari hii alikuwa na mifuko miwili na kitambaa cheupe, ukingo wa shuka kuukuu la hoteli. Alivua viatu. Alipanda ngazi, akakaa sakafuni mbele ya cherehani, akajifunga kitambaa machoni mwenyewe na kukivuta mpaka juu ya pua, pasibaki mwanya. Uso wake ulikuwa umekonda. Alikaa hivyo, mikono magotini, kama mtoto aliyengoja zamu yake miaka thelathini.

"Moja ya jana, moja ya leo," alisema. "Changanya wewe, nisijue."

Mjomba Mbavu aliacha sindano hewani. Bibi alisimama mlangoni. Fundi alibadilisha mifuko mara mbili, mara tatu, akachukua mmoja na kumsogezea.

Kitinda aliinama, akanusa kwa muda mrefu.

"Ya jana," alisema.

Ilikuwa ya leo. Fundi aliuvuta mfuko, akangoja kidogo, akausogeza tena palepale.

"Nusa tena," alisema.